Kokteli kwa Mali ya Soko la Majengo, Dodoma: Jifunze Kuchanganya, Kisha Ubuni Chako

Ukiingia kibanda cha juisi hapa Dodoma ukasema "nipe kokteli", utaletewa glasi yenye parachichi chini, embe katikati, pasheni juu, na kijiko cha kuchotea. Hiyo ndiyo kokteli ya Mtanzania na sina ugomvi nayo. Leo naongelea ile nyingine, ya pombe, barafu na sheka, yaani kopo la kutikisia, ambayo vijana wa kaunta hunifuata kuniuliza wajifunzeje. Swali lao huanza hivi karibu kila mara: "Kaka, ninunue chupa gani?" Wameangalia video za mafundi wa ughaibuni wenye rafu ya chupa hamsini mgongoni, wakaamini ufundi umo kwenye rafu.

Haumo. Kwa chupa moja ya pombe kali, ndimu, sukari na barafu utajifunza miezi mitatu na bado utakuwa unagundua vitu. Ukishazijua hizo nne, ndipo uingie sokoni Majengo ukanunue ubuyu, ukwaju, asali, choya na zabibu. Wenye rafu za chupa hamsini wangelipa pesa nyingi kuvipata vikiwa vibichi namna hii.

Mawili kabla hatujaanza. Haya ni ya mtu wa miaka 18 kwenda juu. Na gongo isiguse glasi yako, hata kwa mzaha. Achilia mbali sheria: pombe iliyopikwa kiholela inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, na ulimi hauwezi kuitambua. Ukiitia ndimu na asali ndiyo umeificha zaidi. Nunua chupa iliyofungwa, yenye nembo ya TBS na stempu ya kodi.

Hatua ya kwanza: kusanya vifaa, bila kuingia deni

Sheka ya vipande vitatu, yenye kichujio chake juu, ni nzuri ukiipata. Usipoipata, chupa ya kioo yenye mdomo mpana na mfuniko usiovuja inafanya kazi ileile; mimi nilianza na chupa ya siagi ya karanga. Chujio la chai. Mchi mdogo wa mbao, ule wa kutwangia kitunguu saumu, lakini uwe mpya, la sivyo kila kinywaji kitanukia pilau. Kijiko kirefu cha kukorogea. Kisu kikali na ubao wake, usiotumika kwa vitunguu.

Cha muhimu kuliko vyote ni kipimo. Toti za baa zetu hazifanani, na kifuniko cha chupa si kipimo. Nenda duka la dawa ununue sirinji ya mililita 20 bila sindano. Ni ya bei ndogo, na inaonyesha mililita tano kwa uhakika kuliko vipimo vingi vya chuma nilivyowahi kushika. Wateja wakikucheka, waache wacheke. Tofauti ya mililita tano za ndimu ndiyo inayomfanya mtu akunje uso au aagize cha pili.

Nunua na daftari. Nitalirudia hilo.

Hatua ya pili: iheshimu barafu

Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilieleza kokteli kuwa ni pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na bitazi, yaani dawa chungu ya mizizi na maganda. Angalia hapo: maji yametajwa kama kiungo, sawa na sukari. Sisi leo maji hayo tunayapata kwenye barafu inayoyeyuka tunapotikisa. Fanya jaribio hili mara moja tu: pima mililita 105 za mchanganyiko, tikisa na barafu kwa sekunde 12, chuja, kisha upime tena. Kwangu hutoka kama mililita 150. Karibu theluthi ya kinywaji ni barafu yako, kwa hiyo barafu ikinuka samaki, kinywaji kinanuka samaki.

Hapa kwetu kuna jambo la ziada. Maji ya mitaa mingi ya Dodoma ni ya visima na yana kaladha ka chumvi. Ukiyazoea huyasikii, ila kwenye kinywaji chepesi yanajitokeza. Gandisha maji ya kunywa ya chupa, kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na nyama. Vipande vikubwa ni bora kuliko vidogo, kwa sababu vinapoza bila kuyeyuka haraka. Barafu ya mfuko, ile ya kufungwa fundo, inafaa kabisa: ipige na mchi juu ya kitambaa safi upate mapande ya ukubwa wa kiberiti. Barafu iliyokwisha kukaa kwenye ndoo ikilowa usiitumie kutikisia. Imwage maji kwanza, au itumie kupozea soda.

Na umeme ukikatika mchana kutwa, kubali. Siku hiyo uza bia.

Hatua ya tatu: pika shira

Sukari ya chengachenga haiyeyuki vizuri kwenye baridi. Itabaki chini ya glasi kama mchanga. Pima gramu 200 za sukari na mililita 200 za maji ya moto, koroga hadi isionekane chenga, acha ipoe, weka kwenye chupa safi ndani ya friji. Hiyo ndiyo shira. Hukaa kama wiki mbili. Ikianza kuwa na ukungu wa nyuzinyuzi, mwaga.

Asali ina kanuni yake. Usiku wangu wa kwanza kutumia asali niliimimina moja kwa moja juu ya barafu. Iligeuka gundi, ikashika vipande vya barafu pamoja, mteja akanywa pombe na ndimu tupu huku asali yote ikiwa imebaki kwenye sheka. Changanya vipimo viwili vya asali na kimoja cha maji ya vuguvugu, koroga, ndipo uitumie. Asali ya misitu ya Manyoni na Singida mara nyingi ni nyeusi na nzito, na wakati mwingine ina harufu ya moshi. Asali ya nyuki wadogo ni nyepesi na ina uchachu wake, kwa hiyo iongezee maji kidogo sana, na ndimu uipunguze.

Hatua ya nne: kimudu kinywaji mama

Hiki ndicho utakachokifanya hadi mkono ukichoke:

Pombe kali mililita 60
Maji ya ndimu mililita 25
Shira mililita 20

Tikisa na barafu, chuja, onja. Ukiweka ramu nyeupe ni ndugu wa Daiquiri ya Cuba. Ukiweka jini na shira ya asali badala ya sukari ni Bee's Knees. Ukitwanga ndimu na sukari kwenye glasi, ukatia vodka na asali, umefika Nairobi, kwenye kokteli iitwayo Dawa, iliyopata umaarufu mgahawa wa Carnivore. Majina ni mengi, lakini mifupa ni hiyohiyo: kali, chachu, tamu.

Kamua ndimu siku hiyohiyo. Ndimu ya jana ina uchachu bado, ila harufu imekwenda. Zibiringishe kwa kiganja juu ya meza kabla ya kukata, na usizikamue hadi ganda lilie, kwa sababu mwisho wake ni uchungu. Ndimu zetu ni ndogo, hesabu mbili kwa kinywaji kimoja uwe salama.

Utatikisaje? Weka viowevu kwanza, barafu mwisho, ijae theluthi mbili ya sheka. Funga. Shika juu na chini, tikisa kwa nguvu kupita bega, barafu ipige ncha hadi ncha. Hesabu hadi 12. Sheka itatoka umande na vidole vitauma kwa baridi. Kama hujawahi kushika sheka, fanya zoezi na mchele mkavu nyumbani. Utasikia mdundo unapokuwa sawa, na ikifunguka bahati mbaya utafagia mchele badala ya kufua shati.

Sasa kuhusu pombe yenyewe. Mapishi mengi ya nje yamepangwa kwa pombe ya asilimia 40. Konyagi, pombe kali ya hapa Tanzania, ni asilimia 35. Mililita 60 za asilimia 40 zina mililita 24 za kilevi halisi. Mililita 60 za Konyagi zina 21. Ukifuata karatasi ya mgeni neno kwa neno, utapata kinywaji kilicholegea na utailaumu chupa. Vijana hukimbilia kuongeza pombe. Mimi nasema punguza vingine kwa kadiri hiyohiyo: ndimu 22 badala ya 25, shira 18 badala ya 20, na utikise sekunde 10. Konyagi pia ina harufu yake, haijifichi kama vodka. Kwa hiyo usipambane nayo, itafutie marafiki. Ndimu, tangawizi na asali zinaelewana nayo vizuri.

Onja kabla ya kutikisa na baada yake. Chovya mrija, ziba juu kwa kidole, dondosha ulimini, kisha utupe mrija huo. Kabla ya kutikisa kitakuwa kikali na kitamu mno, na ndivyo kinavyotakiwa, maana maji bado hayajaingia. Ukijua ladha ya "kabla" inayozaa "baada" nzuri, umefika mbali. Na unapofanya majaribio mengi, tema. Fundi aliyelewa hana ulimi.

Fanya kinywaji hiki kimoja mara 30. Katika hizo 30, badilisha ndimu kwa mililita tano tano, halafu shira kwa mililita tano tano, uandike kila mara. Inachosha. Hakuna njia ya mkato niliyoiona ikimfikisha mtu mahali.

Hatua ya tano: zijue koo nyingine

Kwa kifupi tu, kwa sababu utazielewa haraka ukishakuwa na msingi. Kuna ukoo wa pombe, sukari na bitazi bila ndimu, ambako Old Fashioned inatoka. Kuna ukoo wa pombe na mvinyo wa viungo, kama Manhattan na Negroni. Na kuna ukoo wa glasi ndefu, pombe na soda, ambao kila baa ya Tanzania inaujua hata kama haijui jina lake: Konyagi na soda ya tangawizi ni kinywaji halali kabisa, tatizo ni kwamba hakuna anayepima.

Kanuni ya mkono: chenye juisi kitikiswe, kisicho na juisi kikorogwe. Kutikisa kunaingiza hewa na povu, jambo linalopendeza kwenye ndimu na linaloharibu mng'aro wa kinywaji kilicho safi. Chenye soda usikitikise kamwe. Nilimwona kijana mmoja akifanya hivyo, na dari ya baa ile ina alama hadi leo.

Hatua ya sita: nenda Majengo

Nenda asubuhi. Usianze kuuliza bei kabla ya salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Natafuta ubuyu wa unga, usiotiwa rangi."

"Wa uji au wa juisi?"

Mwambie wa juisi, atakupa ule mweupe uliochekechwa. Ule mwekundu wenye sukari na pilipili waachie watoto, rangi yake itachafua kila kitu.

Ubuyu ndio hazina ya kwanza. Una uchachu laini, harufu ya mbali ya tunda, na unaacha ulimi mkavu kidogo. Shida yake ni uzito: una pektini nyingi, ukiutia mbichi kwenye sheka utapata uji. Loweka gramu 100 kwenye mililita 400 za maji ya vuguvugu robo saa, koroga, chuja kwa chujio la chai, kisha chuja tena kwa kitambaa chepesi bila kukamua kwa pupa. Pima kilichotoka, ongeza sukari ya uzito sawa, koroga hadi iyeyuke. Hiyo ni shira ya ubuyu. Weka friji, itumie ndani ya wiki moja. Itajitenga, tope chini na maji juu, kwa hiyo tikisa chupa kabla ya kumimina.

Ukwaju ni mzito na mweusi, uchachu wake ni wa asidi ya tartariki, ambayo ndiyo ileile ya kwenye zabibu. Ndiyo maana ukwaju na waini nyekundu wanapatana kama ndugu, na ndimu, ambayo ni asidi ya sitiriki, inachoma kwa namna tofauti. Loweka gramu 200 za ukwaju kwenye nusu lita ya maji ya moto kwa nusu saa, fikicha kwa mkono safi, chuja. Usiutie sukari wakati huo. Ubaki chachu, utamu utauweka kwenye glasi. Unapenda pombe za kahawia, brandi hasa, na chembe ya chumvi.

Choya, ambayo wengine huiita rozela, chemsha maua makavu dakika tano na kipande cha mdalasini. Rangi yake haina mpinzani. Haina la zaidi, kusema kweli. Watu huisifia kwa macho kuliko kwa ulimi.

Halafu zabibu. Tuko Dodoma, tutaachaje? Mashamba ya Hombolo, Mpunguzi na Bihawana huvunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu ukifika zinauzwa hadi barabarani. Chukua punje nane, ziponde taratibu kwa mchi ndani ya sheka, ndipo utie vingine na utikise, halafu uchuje mara mbili. Usizisage kwenye blenda. Mbegu zikivunjika zinatoa uchungu wa ganda la mti, na hakuna shira ya kuuondoa. Na juisi ya zabibu usiihifadhi kwenye chupa iliyokazwa nje ya friji. Zabibu huja na hamira yake kwenye ganda. Mimi nilijaza chupa tatu za kioo, nikazipanga kabatini Ijumaa, nikasafiri. Jumatatu nikapigiwa simu na mwenye nyumba. Chupa moja ilikuwa imepasuka na kuta zilikuwa zambarau. Mbili zilizobaki hakuna aliyethubutu kuzigusa.

Hatua ya saba: buni, kitu kimoja kwa wakati

Kubuni kokteli hakuanzi na karatasi nyeupe. Kunaanza na kinywaji mama kilichokaa sawa, halafu unamwinua mmoja kwenye kiti chake na kumkalisha mwingine. Badala ya shira ya sukari, shira ya ubuyu. Badala ya ndimu, ukwaju. Mmoja tu. Onja, andika, ndipo umguse wa pili.

Nikuonyeshe kwa kinywaji changu, ambacho kilinichukua majaribio saba. Kilianza wakati wa Bunge la bajeti, mji umejaa wageni, na kila mgeni anauliza, "Nyie hapa mna nini cha kwenu?" Nilikuwa na aibu ya kumpa mtu wa Dar kinywaji alichokiacha Dar asubuhi, hasa siku hizi treni ya umeme inamleta kabla hajasahau ladha yake.

Jaribio la kwanza: Konyagi 60, ndimu 22, shira ya ubuyu 18. Chachu hadi masikio yakasimama. Nilisahau kwamba ubuyu unakuja na uchachu wake, kwa hiyo nilikuwa nimeweka chachu mbili.

La pili: ndimu nikashusha hadi 15. Uchachu ukatulia, ila mdomoni kilikuwa kizito kama uji wa mgonjwa. La tatu: shira ileile, nikaichuja tena kwa kitambaa. Uzito ukaondoka, na furaha nayo ikaondoka. Kilikuwa kinywaji sahihi kisicho na cha kusema. Kama umewahi kukaa na mtu mwenye adabu kupita kiasi, unaelewa.

La nne ndiyo nilikosea. Nilichoka, nikaongeza mdalasini na wakati huohuo nikatia asali. Kikawa kizuri zaidi, lakini nani kakifanya kizuri? Sikujua. Ikabidi nirudi nyuma nifanye la tano bila mdalasini: kilikuwa kizuri zaidi bado. Kumbe mdalasini alikuwa anapiga kelele tu, kazi ilifanywa na shira ya asali ya mililita 10. Ningeandika na kubadili kimoja kimoja ningeokoa usiku mzima na robo ya mzinga, yaani chupa kubwa ya Konyagi.

La sita: chembe ya chumvi, ile inayoshikwa na ncha za vidole viwili. Chumvi kidogo hainyweki kama chumvi, inapunguza uchungu na kuuinua utamu. Kikafunguka.

La saba lilikuja kwa wizi wa heshima. Kuna kinywaji kiitwacho New York Sour, ambacho ni kinywaji mama cha wiski chenye waini nyekundu inayoelea juu. Nikajiuliza, kama mtu yeyote duniani ana haki ya kuelesha waini juu ya kinywaji, si sisi?

Hapa kuna fizikia ndogo. Waini inaelea kwa sababu mchanganyiko wa chini una sukari, kwa hiyo ni mzito. Waini kavu karibu haina sukari, ni nyepesi, inakaa juu. Nilijaribu kwanza kwa waini tamu ya hapahapa ninayoipenda sana, ikazama yote chini kama jiwe na kinywaji kikawa na rangi ya maji ya kuoshea viazi vitamu. Tafuta nyekundu kavu. Geuza kijiko, mgongo juu, kigusane na barafu, mimina waini mililita 15 polepole juu ya mgongo wa kijiko. Itatandaza mstari mwekundu juu ya weupe wa ubuyu.

Kwa hiyo kilivyo sasa:

Konyagi mililita 60
Ndimu mililita 15
Shira ya ubuyu mililita 18, iliyochujwa mara tatu
Shira ya asali mililita 10
Chembe ya chumvi
Waini nyekundu kavu ya Dodoma mililita 15, juu

Tikisa vyote isipokuwa waini kwa sekunde 10. Chuja kwenye glasi fupi yenye barafu mpya. Elesha waini. Nakiita Bajeti: juu kinapendeza sana, ukifika katikati unaanza kuuliza maswali.

Piga hesabu ya kilevi kabla hujakiweka kwenye menyu. Konyagi inatoa mililita 21 halisi, waini ya asilimia 12 inatoa karibu mbili. Jumla 23. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Glasi hii ndogo inalingana na bia kubwa nzima, lakini inanyweka kama juisi, dakika tano imekwisha. Mwambie mteja hivyo kwa sauti, weka maji ya kunywa pembeni bila kuombwa, na kama alikuja na gari, mwitie bodaboda. Mzinga wa mililita 750 unatoa glasi 12 na nusu kipimo cha kubaki. Ukijikuta umetoa tisa, huna ukarimu, una mkono usiopima.

Hatua ya nane: mpe mtu asiyekupenda

Rafiki atasema kitamu. Mpe mhudumu mwenzako aliyechoka, mpe mama wa jikoni anayeonja mchuzi kutwa, mpe mtu wa bia asiyependa "vitu vya rangi". Usiwaulize kama ni kizuri. Angalia kama glasi inarudi tupu, na barafu ikiwa imeyeyuka kiasi gani. Glasi iliyoachwa robo, barafu imekuwa maji, ina maana ladha ya mwisho inachosha, mara nyingi ni sukari. Punguza shira kwa mililita tatu, rudia.

Jambo moja dogo kuhusu mapambo: kipande cha ganda la ndimu, kikunjwe juu ya glasi mafuta yake yaruke, kinatosha. Mianzi, miavuli ya karatasi na cheche za moto ni za siku ya kuzaliwa ya mtu.

Na asiyekunywa pombe

Dodoma ina wachungaji, mashehe, madereva wa vigogo na watu waliokunywa vya kutosha maisha yao yote. Wote wanakaa meza moja na wanywaji, na kwa kawaida tunawaletea soda na mrija kama watoto. Wape kitu kilichotikiswa. Ukwaju uliouloweka na kuchuja mililita 40, shira ya asali 25, choya baridi 40, chembe ya chumvi. Tikisa, chuja kwenye glasi ndefu yenye barafu, malizia na soda isiyo na sukari au maji yenye gesi.

Utaona kimepwaya kidogo, kwa sababu kilevi hubeba harufu na kinaacha joto kooni. Joto hilo lirudishe kwa tangawizi mbichi: ponda vipande viwili vyembamba ndani ya sheka kabla ya yote. Dereva mmoja wa serikali huja kwangu kila Alhamisi kwa ajili ya hicho tu. Anaagiza kiwe kwenye glasi ileile ya Bajeti, na kielee kitu chekundu juu. Naelesha choya iliyochemshwa ikakolea, bila sukari, kwa mgongo wa kijiko kilekile.